Afadhali Kidogo

Kila siku ya kliniki, Chiriku alirudi mbio kutoka shule, akavua sare, kisha akaupanga mto wa Bibi kwenye kiti cha nyuma cha gari. Walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Lakini siku hizo hata yeye alinyamaza, na ukiona Chiriku kanyamaza, jua nyumba nzima imechoka.

Gari lenyewe ndilo lililowachosha. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, refu, la matairi manene, ili Bibi aliyevunjika nyonga apelekwe mazoezi hospitalini. Mitaani lilikwenda vizuri. Likishika barabara kuu na kuongeza mwendo, lilianza kutetemeka, vuuu, vuuu, mpaka meno yakagongana. Bibi alifumba macho na kung'ang'ania mlango. Daktari alikwisha kuwaonya kwamba akikatiza mazoezi, huenda asitembee tena. Na Bibi alikuwa ameanza kusema, "Leo niacheni tu nilale."

Fundi alikuwa Shangazi, dada yake Baba. Alikuwa na gereji yake na ovaroli ambayo hata sabuni ilishaikatia tamaa. Alianza kwa kusawazisha matairi, kisha akawapeleka kliniki yeye mwenyewe ili alisikilize gari njiani.

"Haya, huko nyuma mnasemaje?" aliuliza.

"Afadhali kidogo," Baba akajibu.

"Afadhali, mwanangu. Mungu akubariki," Bibi naye akasema.

Chiriku alitazama miguu yake ikicheza sakafuni. Afadhali gani hiyo? Lakini Shangazi alikuwa ameshinda chini ya gari, macho mekundu kwa vumbi. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia?

"Afadhali," akasema.

Basi, kwa kuwa matairi yalionekana kusaidia, Shangazi akaendelea na matairi. Akahamisha ya mbele nyuma, akanyoosha rimu, akatafuta tairi jingine. Kila walipojaribu gari, jibu lilikuwa lilelile, na jibu hilo lilimrudisha palepale.

Ikafika siku Bibi alipokataa kabisa kutoka chumbani. Baba na Chiriku wakaenda gereji kumweleza Shangazi. Walimkuta amekaa juu ya tairi kuukuu, mikono imejaa grisi, chai imepoa pembeni.

"Nimechoka, jamani," alisema. "Kama matairi yamesaidia, mbona gari haliponi? Nielezeni."

Baba akajikuna kichwa. Chiriku akamsogelea Shangazi.

"Shangazi, hayajasaidia."

"Unasemaje?"

"Hayajasaidia tangu siku ya kwanza. Tulikuonea huruma."

"We mtoto!" Baba akamkata jicho.

"Mwache aseme," Shangazi alisema huku akiinuka. "Linatetemekea wapi hasa?"

"Chini ya miguu yangu. Hapa katikati, kuelekea nyuma."

"Na mimi mbele usukani umetulia tuli! Ingieni garini."

Kwenye barabara kuu mtetemo ulipoanza, Shangazi aliweka gia huru na kuliacha gari lijiendee, injini ikanguruma polepole.

"Bado?"

"Bado vilevile!" Chiriku akapaza sauti.

"Basi si injini. Na matairi nimeyamaliza."

Waliporudi, alilipandisha gari kwa jeki, akalikalisha juu ya stendi, akafungua propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Akakishika kiungo chake cha nyuma, ambacho mafundi hukiita krosi. Juu na chini kilikwenda. Kulia na kushoto, ambako nako kilipaswa kupinda, kiligoma.

"Kumbe ni wewe!" alikiambia, kisha akaketi palepale chini na kucheka kwa uchovu. Halafu akawageukia. "Huruma yenu ndiyo iliyonichosha. Ukinidanganya nisiumie, unanituma kutafuta ugonjwa mahali usipokuwepo. Niambieni kweli hata nikiwa nimechoka. Hasa nikiwa nimechoka."

Baba aliinamisha kichwa. "Tusamehe, dada."

Shangazi aliweka krosi mpya. Bibi alibembelezwa kweli kweli mpaka akakubali kupanda gari. Kwenye barabara kuu Chiriku aliisubiri ile vuuu, haikuja. Sakafu ilitulia.

"Mbona bado hatujaiingia barabara kuu?" Bibi aliuliza, macho kafumba.

"Tumeshaipita nusu, Bibi!"

Hospitalini, mhudumu wa mazoezi aliuliza kama kawaida, "Nyonga inaendeleaje, mama?"

"Afadhali ki—" Bibi alianza. Akamwona Chiriku anamtazama. Akashusha pumzi ndefu.

"Inauma, mwanangu," alisema. "Inauma sana. Hata kulala silali."

Mhudumu akaacha alichokuwa akifanya, akapiga magoti mbele yake.

"Pole sana, mama. Nionyeshe hasa ni wapi."