Jenoveva Anayetafutwa

Kila asubuhi Husna humwagilia kabichi za baba yake kabla ya kuvaa sare, kisha hushuka mbio hadi shuleni Lukozi. Jumatatu ile alimkuta Mwalimu Yudith akibandika tangazo ukutani. Ijumaa wilaya ingewapa heshima wazee watatu ambao utotoni walikuwa Waafrika wa kwanza kuingia katika shule iliyokuwa ya Wazungu watupu, mara baada ya Uhuru. Majina mawili yalikuwa wazi. La tatu, Jenoveva, lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu.

Husna aliuliza sababu. Mwalimu akaeleza kwamba kamati ilituma barua kwenye ofisi za kata, na kila kata ikajibu haimjui. Ndivyo walivyo watu wa ofisini. Barua inazunguka meza hadi meza, na hakuna anayekubali kuchafua viatu.

"Ijumaa ikipita, mwalimu, jina lake litasomwa lini tena?"

"Halitasomwa. Kibao cha majina kinachongwa Alhamisi."

Jioni hiyo Husna alianza kuulizia sokoni. Hakuna aliyemjua Jenoveva. Kristian, kijana wa bodaboda, akamtania: "Kamati imeshindwa na magari yake, utaweza wewe na kandambili?" Husna akaendelea kuuliza kibanda kwa kibanda. Jumanne alifuatana na shangazi yake hadi gulio la Mlola, akarudi mikono mitupu.

Jumatano alikuwa akimsaidia mama yake kufunga mafungu ya karoti, jirani yao Mama Hamza akapita, wakasalimiana. Husna akamuuliza mama yake jina hasa la jirani huyo. Mama yake akafikiri, halafu akacheka kwa aibu. Hakulijua, na wamechota maji pamoja miaka kumi na miwili.

Hapo Husna akabadili swali. Aliwaendea bibi wa kijiji mmoja mmoja, shikamoo kwanza, ndipo anauliza, "Bibi, ulipokuwa msichana uliitwa nani?"

Wa sita alikuwa Mama Heri, aliyekuwa akipalilia maharage yake kando ya mto. Jembe likasimama.

"Nani amekutuma?"

"Sikutumwa, bibi."

"Jenoveva," akasema polepole. "Tangu nimzae Heri, hakuna aliyeniita hivyo."

Akasimulia jinsi alivyokalishwa peke yake dawati la nyuma, muhula mzima, kwa kuwa wenzake wawili walikuwa madarasa mengine, na hakuna mtoto wa Kizungu aliyetaka kukaa naye. Kila siku alitamani kurudi nyumbani. Hakurudi, maana angeondoka wangesema Waafrika hawawezi, na wengine wasingepokelewa.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Yudith aliwapeleka wote wawili wilayani. Ofisa akasema orodha imefungwa, kwanza ushahidi uko wapi. Bibi akaweka kitambulisho chake mezani. Ofisa akakisoma, akasema fundi ameshaanza kuchonga kibao, warudi nyumbani. Husna akakaa kwenye benchi la mlangoni. Bibi naye akakaa. Saa sita mchana ofisa alichoka kuwatazama, akampigia fundi simu aongeze jina.

Ijumaa jina la Jenoveva liliposomwa, watu wa Lukozi waligeuza shingo kumtafuta. Walipomwona Mama Heri anasimama, wakapiga makofi mpaka akaketi.

Mwalimu Yudith akamwambia Husna, "Kamati iliuliza mara moja ikachoka. Kumheshimu mtu ni kazi, mwanangu. Unamtafuta mpaka umpate, na ukishampata, unakaa naye mlangoni mpaka wamfungulie."