Aliyeota Moto Ndani ya Kompyuta

Kompyuta ilikuwa imezimwa tangu Ijumaa jioni, waya wake umechomolewa ukutani, lakini Jumatatu asubuhi Mugendi alipoweka kiganja juu ya kasha alilikuta lina uvuguvugu, kama blanketi ambalo mtu ametoka chini yake sasa hivi.

Ilikuwa Julai, na Nyeri ya Julai haina kitu kinachopata joto chenyewe. Ukungu ulikuwa umeteremka mpaka kwenye mabati ya mtaa wa Majengo, na mafuta ya kupikia yalikuwa yameganda chupani. Mugendi alikuwa fundi wa kompyuta. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake. Nyuma ya pazia aliishi na mkewe Lavender na binti yao Ivy, mwenye miaka sita. Mashine ile alikuwa ameinunua wiki iliyopita kutoka kwa kijana wa Murang'a aitwaye Simeon, aitumie kuhariri video za harusi. Prosesa yake, ule ubongo wa mashine, ilikuwa imeoveklokiwa, yaani imepandishwa kasi kupita ile iliyotoka nayo kiwandani, nayo ilikimbiza kazi kama ng'ombe aliyeona chumvi.

Alijiambia labda jua liliipiga. Halafu akatazama dirishani, akaona ukungu mtupu, akaacha kujiambia.

Aliiwasha. Kwa nusu saa ilifanya kazi ya siku nzima. Kisha feni ikaanza kulia, namba za joto zikapanda pale pembeni mwa skrini: themanini, tisini, tisini na nane. Skrini ikawa ya buluu, kila kitu kikazimika. Harufu ikabaki chumbani, si ile ya plastiki anayoijua kila fundi, bali ya nywele zilizoungua.

Joto la prosesa halikuwa jambo la kumtisha. Alifungua kasha akapuliza vumbi. Akang'oa kipoza joto, akakuta ile pesti ya kupitisha joto kati yake na prosesa imekauka kama ugali wa juzi, akaikwangua, akapaka mpya. Akafunga feni kubwa zaidi na kusogeza meza karibu na dirisha ili mashine ivute baridi ya nje. Ikawaka, ikapanda tena hadi tisini na saba, ikazimika. Basi akafanya lile alilopaswa kulifanya kwanza: aliingia kwenye mipangilio ya ndani akairudisha prosesa kwenye kasi yake ya kiwandani.

Joto likashuka hadi arobaini na moja, likatulia. Mugendi akaegemea kiti na kupuliza viganja vyake.

"Baba," Ivy akaita kutoka nyuma ya pazia. "Nasikia moto."

Alimkuta amejifunua blanketi zote, mashavu yamewiva, midomo imekauka. Dakika tano kabla alikuwa akichora. Lavender alimfunga kwa shuka wakampeleka hospitalini, akapimwa malaria, homa ya matumbo na kila kinachopimwa. Hakukuonekana kitu. Walipewa dawa ya kushusha joto, na dawa haikushusha kitu.

Siku mbili mtoto aliungua. Mchungaji wao alikuja akaomba, akaweka mkono kwenye paji la uso la Ivy, akauondoa upesi kuliko alivyokusudia.

Jumatano saa nne asubuhi Ivy aliketi kitandani akaomba chai na mkate. Ngozi yake ilikuwa baridi, macho maangavu. Lavender alilia kwa furaha, kimya kimya, akimenya mayai. Mugendi naye alikuwa anacheka alipopita pazia kwenda karakana, na hapo kicheko kikamkauka. Kompyuta, aliyoizima tangu Jumatatu, ilikuwa imewaka yenyewe. Kasi ilikuwa imepanda pale pale alipoiweka Simeon, na joto lilisoma tisini na sita.

Alisimama mbele yake bila kuigusa. Feni ilikuwa inazunguka, lakini haikuzunguka kama feni. Ilivuta, ikatulia, ikatoa. Ikavuta tena. Baada ya saa moja skrini ikawa ya buluu, mashine ikazimika, na kabla hajafika mlangoni alisikia kikombe kikianguka upande wa pili na Lavender akisema, "Ivy. Ivy, nitazame."

Fundi hutafuta chanzo kwa kubadilisha kitu kimoja, kisha kutazama. Mugendi aliiwasha kompyuta, akaipandisha kasi kwa mkono wake mwenyewe, akahesabu. Joto lilipofika tisini, mtoto aliacha kutetemeka. Lilipofika tisini na tano akauliza chai yake iko wapi.

"Mama Ivy," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, mgongo wake ukiwa umeelekea pazia. "Hii mashine ikipoa, kuna kitu inaingia ndani ya mtoto. Ikipata moto, inarudi huku."

"Kitu gani?"

"Sijui jina yake."

Lavender hakubisha. Alikuwa amekaa na mtoto siku tatu. "Kuna kitu Ivy hajakuambia," alisema. "Jana aliniambia kuna mtu anamlalia juu. Nikamuuliza anataka nini. Akasema, ati anasikia baridi."

Tangu hapo kazi ya Mugendi ikageuka juu chini. Yeye aliyekuwa akiipoza mashine sasa aliilinda isipoe: akaziba dirisha kwa gunia, akapunguza feni, akaipa video nzito izitafune mfululizo, huku akijua kwamba prosesa ni kipande cha chuma na silikoni kisichozidi kucha mbili tatu, kwamba moto ule ule unaomtoa mgeni kwa mwanawe ndio unaokiua kipande hicho, na kwamba siku kitakapokufa mgeni hatakuwa na pa kurudi ila pale pembamba, penye mbavu ndogo, alipokwisha kupazoea. Ilizimika mara nne mchana ule. Kila ilipozimika Ivy alipiga kelele, na kila mara iligoma zaidi kuwaka.

Alhamisi Lavender alijitanda leso akatoka bila kuaga. Alirudi na Mzee Theuri, jirani wa msikitini. Watu wa Majengo walimwita Maalim. Alikuwa fundi viatu maisha yake yote, na aliyajua haya mambo ya majini kwa kurithi, wala hakuyapenda. Aliingia karakana, akavua kofia, akatega sikio kwenye kasha kama anayesikiliza mlango.

"Huyu hakuja mwenyewe," alisema. "Aliitwa. Hawa waliumbwa kwa moto, fundi. Mtu akiwasha moto mahali pasipostahili na kusema maneno ya kipumbavu juu yake, wapo wanaosikia. Nani aliuwasha huu?"

Mugendi akampigia Simeon simu. Ilipokelewa mara moja, kama iliyokuwa ikingojwa. Alisikia meno yakigongana kabla ya neno lolote.

"Ni ile kompyuta?" Simeon aliuliza. "Iko na moto bado? Fundi, usiizime. Nakuja."

Alifika saa nane mchana. Huko Murang'a jua lilikuwa linawaka, lakini alikuwa amevaa makoti mawili na kofia ya sufu, na midomo yake ilikuwa ya rangi ya jivu. Aliingia akaenda moja kwa moja kwenye mashine, akaikumbatia. Maalim akamwacha akae hivyo kidogo, kisha akamwambia aeleze.

"Nilikuwa nashindana na watu mtandaoni," Simeon alisema, shavu lake likiwa juu ya chuma. "Nani ataifikisha kasi ya juu kabisa. Nilikaa nayo miezi, peke yangu. Ikizimika naiambia, panda tu, panda kidogo, nitakupatia chochote. Siku moja ikapanda. Ikapita pahali haiwezi kufika. Na nikasikia mtu anapumua." Akafumba macho. "Nikaogopa, nikaiuza. Tangu hiyo siku niko na baridi. Nimeketi jikoni, mguu karibu na moto, na bado niko na baridi. Mke wangu Phyllis ananigusa analia."

"Uliniuzia ukijua," Mugendi alisema. "Niko na mtoto."

Wakati ule ule mashine ilitoa mlio mdogo, kama njiti iliyovunjika, na feni ikasimama. Mugendi alibonyeza. Akachomoa waya akachomeka, akabadilisha waya, akabonyeza tena, lakini hakukuwa na taa wala sauti, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba mpaka macho yakawatoka machozi. Prosesa ilikuwa imekufa.

Nyuma ya pazia Ivy hakupiga kelele safari hii. Hilo ndilo lililowakimbiza. Walimkuta amelala chali, macho wazi, mvuke ukipanda kutoka kwenye nywele zake zilizolowa, na Lavender ameinua viganja vyake vilivyobabuka kwa kumshika. Maalim alipiga goti akaanza kusoma aya, taratibu, bila kupumzika, na jinsi alivyosoma ndivyo kifua cha mtoto kilivyovuta, kikatulia, kikatoa, kwa ule mwendo Mugendi alioujua, mpaka mdomo ukafunguka na sauti isiyo ya mtoto, kavu kama upepo wa feni, ikasema:

"Huku ni padogo. Lakini patatosha."

"Toka," Maalim akasema.

"Niende wapi? Kote ni baridi."

Maalim akasoma tena, jasho likimtiririka, na Mugendi akaona kwamba mzee anachoka kabla ya yule mwingine. Ndipo Simeon alipoingia. Alikuwa amevua koti la kwanza. Akavua la pili, akafungua vifungo vya shati, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mimi ndio nilikuita," alisema. "Nilikuahidi chochote. Mwache huyu. Kuja kwangu."

"Kijana," Maalim alimwambia, "mimi nafukuza. Sijui kumtoa mgeni akishakaribishwa. Ukisema mara ya pili sitaweza kukusaidia."

Simeon alimtazama Mugendi. Yalikuwa macho ya mtu anayeomba azuiwe, au anayeomba asizuiwe. Mugendi hakujua, na hakutaka kujua. Angeweza kumshika bega. Angeweza kusema neno moja. Mkono wake ulikuwa juu ya unyayo wa binti yake, unyayo uliokuwa moto kama sufuria, na hakuuondoa.

"Kuja," Simeon akarudia.

Unyayo ukapoa mkononi. Ivy alivuta pumzi moja ndefu, akageukia ukuta, akalala usingizi wa mtoto. Simeon akainuka polepole. Rangi ilikuwa imerudi midomoni mwake. Alitabasamu, akawashukuru mmoja mmoja kwa jina, hata Lavender ambaye hakuna aliyemtaja mbele yake, akatoka ndani ya ukungu kifua wazi, akiyaacha makoti yake sakafuni. Alipopita, matone ya ukungu kwenye mlango wa bati yalifanya chwaa.

Ivy alipona kabisa. Ijumaa alirudi shuleni, na Mugendi akaizika prosesa ile mbali, kando ya Mto Chania. Alimweleza mkewe kwamba yameisha. Lakini hakuweza kuketi mahali pamoja. Alianza kazi akaiacha, akatoka nje akarudi, na mara kwa mara alimpigia Simeon simu, nayo ikalia bila kupokelewa.

Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, namba asiyoijua ikampigia. Alikuwa mwanamke, akinong'ona kama aliyejificha.

"Wewe ndio fundi wa Nyeri? Mimi ni Phyllis, bibi ya Simeon."

"Simeon yuko aje?"

Nyuma ya Phyllis kulisikika kitu kikivuta, kikitulia, kikitoa.

"Anasikia vizuri, hana baridi tena," alisema. "Ameketi ndani ya beseni tangu asubuhi. Fundi, nilimwekea maji ya mtungi, yaliyolala usiku kucha, baridi kabisa. Sasa yanachemka, na ananiambia niingie."