Nimeghairi Safari

Fundi wa mizani alikuwa mtu wa maneno machache. Wenye maduka walimpenda kwa kazi yake. Mizani iliyopita mikononi mwake haikumpunja mnunuzi wala muuzaji. Lakini walimtania kwamba hata maneno aliyapima kabla ya kuyatoa. Ndiyo maana wakamwita Gramu.

"Gramu, habari za nyumbani?" mwenye duka la nafaka alimuuliza kila asubuhi.

"Nzuri."

"Na mama watoto?"

"Mzima."

"Haya, pumzika! Usije ukaishiwa pumzi!"

Gramu alitabasamu, akaendelea kufuta vumbi kwenye springi.

Dada yake mkubwa alikuwa kinyume chake. Tangu utotoni alizungumza kwa niaba ya wote wawili. Gramu alipoona njaa, dada ndiye aliyeomba chakula. Alipoonewa shuleni, dada ndiye aliyekwenda kufoka. Sasa dada aliishi mji wa mbali. Kwa barabara ilikuwa safari ya siku nne. Kwa ndege ilikuwa saa mbili tu.

Siku moja dada alipiga simu. Sauti yake ilikwaruza. Alikuwa na uvimbe kooni, na daktari alitaka kuuondoa pamoja na kiungo kinachotoa sauti.

"Baada ya hapo sitasema tena kama hivi," dada alisema. "Operesheni ni Alhamisi ya wiki ijayo. Njoo kabla. Nina neno lako, nimekaa nalo miaka mingi."

"Liseme, dada."

"Kwa simu? Mtandao wenyewe unakatakata kama mkasi butu! Hapana, mdogo wangu. Hili nataka nikuambie huku nikikutazama usoni."

Kesho yake Gramu alikwenda kwenye ofisi ya tiketi. Ilikuwa chumba kidogo chenye meza, kompyuta, na viti viwili vya plastiki. Mkata tiketi alikuwa mwanamke kijana, mwepesi wa kucheka. Alimweleza taratibu.

"Mzee, tiketi ziko za aina tatu. Hii ya kwanza ni rahisi kuliko zote. Lakini ukiinunua, siku ni hiyo hiyo na saa ni hiyo hiyo. Usiposafiri, imekufa. Hii ya pili inazidi bei kidogo. Unaweza kubadili tarehe, mradi uniambie kabla ndege haijaondoka. Na ya tatu ni ghali. Hiyo unaweza hata kuiacha kabisa ukarudishiwa fedha yako. Safari yako ina uhakika, au huenda ikasogea?"

Gramu alifikiri. Tarehe za hospitali hupangwa na kupanguliwa.

"Huenda ikasogea," alisema. "Nipe ya pili."

Alifanya vyema. Hapo hakukosea hata kidogo. Tiketi ilikatwa ya Jumatatu, siku tatu kabla ya operesheni.

Jumamosi dada alipiga simu tena. Mashine ya hospitali ilikuwa imeharibika, na operesheni ilisogezwa mbele kwa wiki moja. Gramu alishusha pumzi. Wakaguzi wa mizani walikuwa wanakuja wiki hiyo, na maduka manane yalimtegemea. Angebaki amalize kazi, kisha asafiri Jumatatu ya wiki inayofuata.

Kwa watu wa kwao, safari iliyosogezwa huitwa safari iliyoghairiwa. Mkutano ukisogezwa, wanasema umeghairiwa. Nguo isipokuwa tayari, fundi cherehani ameghairi mpaka kesho. Basi Gramu akachukua simu akamwandikia mkata tiketi maneno mawili: "Nimeghairi safari."

Jibu lilikuja upesi. "Una uhakika, mzee?"

"Ndiyo," aliandika.

Mke wake alikuwa akikunja nguo kitandani. "Umemwambia tarehe mpya?" aliuliza.

"Atajua."

"Atajuaje, Baba? Yeye ni mkata tiketi, si mganga."

"Nitapita ofisini."

Hakupita. Mizani ya duka la nyama ilivunjika mkono. Ya duka la nafaka ilikuwa na kutu. Siku zikaenda. Alipita Jumatatu ile aliyopanga kusafiri, asubuhi, mkoba begani, viatu vimepigwa rangi.

"Nimekuja kuchukua tarehe mpya," alisema. "Ya leo, kama iko."

Mkata tiketi alimtazama, kisha akaitazama kompyuta. Uso wake ukabadilika.

"Mzee, si uliniambia umeghairi?"

"Ndiyo. Niliisogeza."

"Kusogeza ni kuahirisha. Kughairi ni kuacha. Ulipoandika umeghairi, niliifuta. Kiti chako kikauzwa. Na tiketi yako ilikuwa ya kubadili tarehe, haikuwa ya kurudishiwa fedha."

Gramu alikaa kwenye kiti cha plastiki. "Kwani si neno moja?"

"Si moja, mzee wangu. Ungesema unaahirisha, ningekupangia siku nyingine palepale."

"Basi nikatie nyingine. Sasa hivi."

Alitafuta muda mrefu. Ndege ya siku ile ilikuwa imejaa. Ya Jumanne imejaa. Ya Jumatano imejaa. Nafasi ya karibu ilikuwa Jumamosi, siku mbili baada ya operesheni. Na basi, hata likiondoka saa ile ile, lingefika Ijumaa.

"Mimi pia nina kosa," mkata tiketi alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuuliza kama una uhakika. Sikukuuliza una uhakika wa nini."

Jumatano jioni Gramu alimpigia dada yake simu. Alimweleza yaliyotokea. Dada akacheka, kicheko chembamba chenye mikwaruzo.

"Wewe na maneno yako mawili mawili!" alisema. "Siku zote nilikwambia yatakuponza."

"Niambie lile neno, dada. Tafadhali."

"Hapana. Wauguzi wananizunguka hapa kama kuku. Njoo salama."

Gramu alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba anaogopa. Alitaka kumwambia aendelee tu kuzungumza, lolote lile, hata habari za wauguzi.

"Sawa, dada," alisema. Simu ikakatika.

Alifika Jumamosi. Dada alikuwa amekaa kitandani, bandeji shingoni na daftari mapajani. Alipomwona kaka yake, midomo yake ilicheza, lakini hakikutoka kitu. Gramu alimshika mikono yote miwili.

"Liandike basi, dada. Lile neno."

Dada alichukua kalamu. Aliishika muda mrefu juu ya karatasi. Kisha akaandika: "Umekula?"

Gramu aliporudi, hakwenda kwenye kibanda chake cha kazi. Alikwenda kwanza ofisini kwa mkata tiketi. Hakwenda kugombana.

"Binti, nifundishe," alisema. "Nisije nikarudia."

Mkata tiketi alivuta kiti karibu. "Kuna mambo machache tu, mzee. Safari ikisogea, useme unaahirisha, na utaje tarehe unayoitaka. Usiseme tu kwamba huendi. Useme mapema, kabla ya ndege kuondoka, kwa sababu viti vinajaa. Huenda ukaongeza kidogo kama bei ya siku mpya iko juu. Halafu usiridhike mpaka upate tiketi mpya mkononi au kwenye simu. Isome tarehe. Kama hujaelewa, uliza hata mara kumi."

"Na kughairi?"

"Useme hivyo siku utakapoacha safari kabisa. Na kabla hujasema, niulize kama fedha itarudi."

Mkata tiketi naye alibadilika. Siku hiyo aliandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, akaibandika mbele ya meza: UNASOGEZA SAFARI AU UNAIACHA? Hakufuta tena tiketi ya mtu bila kumsomea swali hilo. Wateja wengine walikasirika kwa kuulizwa. Wengi wao walijibu, "Aa, nasogeza tu," na viti vyao vikasalimika.

Miezi mitano ikapita. Hospitali ilimwita dada aje kupewa kifaa cha kusemea. Ni kifaa kidogo kinachoshikwa shingoni, na mgonjwa hufundishwa kukitumia. Gramu alikata tena tiketi ya kubadili tarehe. Na kweli, siku ilisogezwa. Safari hii alipiga simu saa ile ile.

"Binti, sighairi. Naahirisha. Hospitali imesogeza siku kutoka Jumanne kwenda Ijumaa. Nataka ndege ya Jumatano badala ya Jumapili. Kama kuna cha kuongeza, nitaongeza. Sasa nisomee ulichoandika, pole pole."

Mkata tiketi alicheka. "Mzee Gramu, leo umenipa kilo nzima!"

Alimsomea. Kisha akamtumia tiketi mpya, na Gramu akaisoma tarehe mara mbili, akimwonyesha mke wake kwa kidole.

Ijumaa alikuwa chumbani hospitalini, kwenye kiti kilicho mbele ya dada yake. Mwalimu alimwonyesha dada mahali pa kukiweka kifaa. Kwanza kilitoa mlio tu, kama nyuki ndani ya kopo. Dada alijaribu tena, na tena.

"Mdogo wangu," kifaa kilisema.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa bapa, haipandi wala haishuki. Lakini maneno yalikuwa yake, na macho yalikuwa yake. Gramu alijifuta uso kwa mkono wa shati.

Mwalimu alipotoka, Gramu alisogeza kiti.

"Na lile neno, dada? Sasa unaweza kulisema."

Dada alikipandisha kifaa shingoni.

"Lile lilikuwa la sauti ile," alisema.

Akakishusha. Gramu hakumsihi. Alimuuliza habari za jirani yake wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa ng'ambo ya barabara, mmoja mmoja, ili dada aendelee kusema.