Manyoya ya Philemoni

Jioni ile nilikwenda Maji ya Chai kuomba ndevu.

Si zangu. Zangu zimebaki chache, na zote nazijua kwa majina. Nilitaka ndevu za chifu. Mimi Aminiel, baba mzima wa miaka hamsini na mbili, kazi yangu ni kutengeneza wanasesere. Nimepika kwenye meli, nimeosha vyombo kwenye nchi ambako jua huonekana kwa miadi, na nilichorudi nacho Arusha ni ufundi wa bibi mmoja wa huko kwenye baridi: unachukua manyoya ya kondoo, unayachoma kwa sindano yenye vimiba, unachoma, unachoma, mpaka yanashikana na kuwa pua. Nawatengeneza machifu wa zamani, malkia, mashujaa wa hadithi. Mchana wa siku hiyo binti yangu Prisca, mwalimu wa historia, alipita akitokea Kimandolu anakokaa. Nikampa malkia akawaonyeshe wanafunzi wake. Alishukuru mpaka getini.

Manyoya ya malkia yule na ya chifu nilipewa na Philemoni. Bure. Gunia zima, meupe, yameoshwa. Philemoni tulipata kipaimara pamoja. Kwenye harusi yangu ndiye aliyeshika pete.

"Pokea kwa mikono miwili, bwana," aliniambia.

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikamshukuru, nikamkumbatia.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili, giza likianza kuingia, nikasikia Philemoni ananiita nje.

"Aminiel... njoo kidogo."

Nikatoka. Migomba tu. Jumatatu akaniita tena, mbali zaidi, upande wa korongoni. Jumatano nilishtuka nimesimama ukingoni mwa korongo, pekupeku, sindano bado mkononi.

Nikajiambia ni uzee. Mtu anayeongea na chifu wa manyoya asishangae akiitwa na migomba.

Basi Alhamisi gunia likawa limekwisha, chifu bado kidevu kitupu. Nikaenda kwa Philemoni.

Elihuruma, mke wa Philemoni, alikuwa barazani anachambua maharage. Nilifurahi kumwona ameketi hapo. Mwaka mzima huyu mama alikuwa akifungwa kwa kanga kwenye mguu wa kitanda, maana kila jioni alisikia dada yake akimwita nje, naye alifuata. Mara mbili walimtoa mtoni.

"Shemeji, umepona," nikasema. "Nakuomba manyoya kidogo, ya ndevu tu."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Yale mengine umeyatumia?"

"Yote."

Akatazama mlango, kisha akanong'ona. "Anakuita nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Mumeo."

Akajiziba mdomo kwa kanga. Hapo ndipo niliposikia ile harufu iliyojaa chumbani kwangu wiki nzima... kondoo aliyenyeshewa. Na kwa Philemoni hakuna kondoo.

"Mimi aliniita dada," akasema, "kwa sababu dada ndiye aliyenipa blanketi lililokuja na kitu hicho. Mtaalamu wa Nduruma alichinja kondoo, akakihamishia kile kitu kwenye manyoya. Akasema yasizikwe. Apewe mtu. Apokee kwa furaha na kushukuru. Kitamfuata kwa sauti ya aliyempa."

"Philemoni anajua haya?"

"Nilimkataza, shemeji. Akasema Aminiel ni mtu wa kucheka, atakiona ni mzaha."

Ndani, mtu aliweka kikombe mezani.

"Philemoni," nikaita.

Nikausogelea mlango.

"Philemoni, ni mimi."

Nikasikia komeo likisukumwa. Taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Miaka thelathini na minane ya urafiki, na jibu langu likawa komeo.

Nilirudi kwa bodaboda, jua likizama nyuma ya Meru. Nikafunga milango, nikajifunga mguu kwenye meza ya kazi, kwa kamba ya mbuzi. Chifu ananitazama na kidevu chake kitupu. Nikasubiri sauti ya rafiki yangu.

Giza likaingia. Hakuna.

Dakika kumi. Hakuna. Chura tu, na maji ya mfereji.

Nikaanza kucheka peke yangu. Kimeondoka. Philemoni alisema kweli, kimeshindwa nami. Hata ile harufu ya kondoo ilikuwa imetoka chumbani.

Simu ikaita. Prisca.

"Baba, mbona hukusema kama unakuja?"

"Nakuja wapi?"

"Si uko hapa nje unaniita. Ingia basi, geti liko wazi."

Nikatazama meza. Chifu. Shujaa. Na ile nafasi tupu alipokuwa amekaa malkia.

"Prisca, mimi niko nyumbani. Usitoke."

Akacheka. Huyu mtoto nimemlea kwa kujificha nyuma ya milango. Nimewahi kujifanya mwizi, askari, hata marehemu.

"Mwanangu, nakuapia. Funga mlango."

"Baba na utani wako. Si nakuona hapo," akasema. "Ila mbona uko pekupeku?"

Nikaivuta kamba. Fundo nililolifunga vizuri lile, likakataa. Nikapiga kelele kwenye simu mpaka koo likakauka, lakini alikwishaiweka mahali. Nikasikia kandambili zake zikishuka ngazi, moja, moja.

Halafu, kwa mbali, nikaisikia sauti yangu mwenyewe.

"Prisca... njoo kidogo."