Silinda ya Tatu

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba, siku ya kawaida kama siku nyingi za baridi pale Embu. Manyunyu yalianguka, yakakoma, yakaanguka tena. Riungu alikuwa kwenye gereji yake ndogo karibu na mtaa wa Majimbo, akipima injekta za teksi. Alizipanga nne juu ya mirija minne ya vioo, akawasha mashine, akainama kutazama. Injekta nzima hupuliza petroli kama ukungu wa asubuhi. Iliyochoka hudondosha matone, kama pua ya mtoto mwenye mafua.

Mara pikapu nyeupe ikaingia ikichechemea. Hata kabla haijasimama, Riungu alikuwa ameshausikia ugonjwa wake. Tu, tu, kimya, tu. Tu, tu, kimya, tu.

"Inamisi, inaruka pigo," alisema mzee aliyeshuka, kofia mkononi. Aliitwa Mithika, mkulima wa ndizi na kahawa kutoka Kanyakine. "Fundi wa kwanza alibadilisha sensa. Wa pili akabadilisha sensa nyingine. Kila mmoja ananiambia, kompyuta imesema."

"Kompyuta husema panapouma, mzee. Haisemi aliyepiga ni nani."

"Basi wewe nitafutie aliyepiga." Mzee akacheka, akakaa kwenye tairi kuukuu.

Riungu hakukurupuka. Sensa ya joto aliitumbukiza kwenye kikombe cha maji moto, akatazama namba za mita zikishuka jinsi inavyotakiwa. Sensa ya mzunguko wa injini nayo ilikuwa nzima. Ndipo akachukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye injekta ya kwanza huku injini ikinguruma, na mpini akauweka sikioni, kama daktari. Tik, tik, tik. Ya pili hivyo hivyo. Ya nne hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa kimya. Akachomoa soketi yake. Ndani, kwenye pini moja, kulikuwa na kutu isiyozidi punje ya wimbi.

Ilikuwa kazi ya dakika moja na kipande cha msasa. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo.

Lakini aliing'oa ile injekta aipime, na ikamtia tamaa. Iliujaza mrija upesi kuliko zile za teksi, kwa ukungu mwembamba ambao hakuwa ameuona kwa miaka. Nyuma ya gereji lilikuwa gari lake mwenyewe, injini ya aina ile ile, limelala miezi miwili kwa sababu ya injekta moja mbovu aliyokosa ya kuibadilisha. Binti yake Kanana, wa miaka sita, alikuwa akitembea kwenda shule kwenye manyunyu hayo hayo, akikohoa.

"Sura yako si ya hapa," mzee alisema. "Wewe ni wa ukoo gani?" Na kabla hajajibiwa akautaja wake, kwa fahari, kama wazee wafanyavyo.

Mkono wa Riungu ukasimama. Alikuwa mtu wa Tharaka, na tangu utotoni alifundishwa kwamba ukoo ule na ukoo wake ni gichiaro, ndugu wa kiapo cha damu kilicholiwa na mababu. Gichiaro hadanganywi. Gichiaro haibiwi. Na neno la gichiaro, akilitamka juu yako, hutimia.

Akafikiri upesi. Akaona mlango.

"Mimi ni wa hapa hapa Embu, mzee," alisema. "Kuzaliwa na kukulia."

Kama si ndugu, hakuna kiapo. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Mzee alipokwenda kibandani kunywa chai, Riungu alisugua kutu ikatoka, akaiosha injekta yake mbovu, akaifunga kwenye pikapu. Alijua ingevumilia wiki mbili hivi. Ile nzuri akaitia mfukoni.

Pikapu ikawaka kwa mipigo minne. Mithika hakuamini masikio yake. Aliushika mkono wa Riungu kwa mikono yake yote miwili, akasema taratibu, kama mtu aliye kanisani:

"Mungu akutendee kama ulivyonitendea. Wewe na watoto wako."

Wiki tatu baadaye, Kanana alianguka shuleni.

Hospitalini walimbandika waya kifuani, na mashine ikawa inachora mwendo wa moyo wake kwenye karatasi. Riungu alifika na mafuta mikononi. Mkewe Rwamba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameushika mguu wa mtoto. Mashine ndiyo iliyosema.

Pi, pi, kimya, pi.

Riungu akashika ukuta.

"Kati ya mapigo manne, la tatu halipo," muuguzi Ednah alimweleza kwa sauti ya chini. "Na pengo linazidi kupanuka. Daktari anataka apelekwe Nairobi, lakini kwa hali hii safari hataiweza."

"Labda ni waya zenu."

"Tumebadilisha waya mara mbili, baba."

Aliinama, akaweka sikio kwenye kifua cha mwanawe. Akausikia moyo. Ulikuwa mbali, mdogo, na ulikuwa ukichechemea.

Alitoka nje akampigia simu mama yake Tharaka. Akamweleza yote, neno kwa neno.

"Ulimkana gichiaro," mama alinong'ona.

"Nilisema tu mimi ni wa Embu."

"Kiapo hakikuulizi unajiitaje." Akavuta pumzi. "Mrudishie chake. Umtajie ukoo wako kwa mdomo wako. Neno ni lake, na ni yeye wa kulirudisha. Kimbia, mwanangu. Ukimkosa, mimi sijui."

Alikimbia kwa gari lile lile, kwa injekta ile ile. Liliimba. Lilipanda vilima vya Chuka kana kwamba linavutwa kwa kamba. Na kila lilipoimba vizuri, machozi yalimtoka. Mipigo minne, mizima, isiyokosa. Ya mwanawe ilikuwa mitatu.

Kanyakine ilikuwa imefunikwa na ukungu, na ulikuwa mchana. Walimwelekeza boma la Mithika. Nje ya jiko, mama mmoja mzee alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa Karwirwa, mke wa Mithika.

"Namtafuta mzee, mama. Mimi ni fundi wa Embu."

Alimtazama kwa muda. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Riungu kuliko kilio.

"Kumbe ni wewe? Alikusifu sana. Kila jioni tukiomba alikutaja. Mungu amtendee yule kijana kama alivyonitendea. Kila jioni, hata ile ya mwisho."

"Ya mwisho?"

"Tumemzika juzi. Tulimkuta ameketi kwenye gari, mkono kwenye ufunguo. Lilikuwa limekataa kuwaka."

Mwenye neno alikuwa chini ya udongo. Neno lilikuwa juu bado.

"Niruhusu nilitengeneze, mama," alisema. "Tafadhali."

"Ulitengeneze la nini? Betri yenyewe tumempa jirani."

"Tafadhali."

Pikapu ilikuwa kando ya migomba, imelowa. Alifungua boneti. Kwa mazoea tu, kwa mazoea ya miaka, akagusisha bisibisi kwenye injekta ya tatu, na mpini akauweka sikioni.

Tik, tik. Kimya. Tik.

Alitazama mahali pa betri. Patupu. Waya mbili zilikuwa zikining'inia.

Tik, tik. Kimya. Tik.

Akaanza kufungua. Spana zikagongana. Aling'oa ile mbovu. Akaenda kwenye gari lake, akang'oa ile nzuri. Na hapo, katikati ya magari mawili, mpira wa injekta, mwembamba kama pete ya mtoto, ukachomoka ukaanguka kwenye nyasi. Bila mpira ule injekta haikai.

Alipiga magoti. Akapapasa. Umande. Majani makavu ya migomba. Udongo. Simu ikalia. Ni Rwamba. Hakuthubutu kuipokea. Ikalia. Ikakatika. Akapapasa. Hakuna. Ikalia tena. Alikuwa akilia kwa sauti sasa, uso chini, vidole vikichimba, na mama mzee alikuwa amesimama na ungo wake, haelewi.

Kidole kikaugusa.

Akauvalisha. Akaisukuma injekta mahali pake mpaka ikakaa. Akarudisha bisibisi sikioni.

Kimya. Silinda zote nne, kimya.

Kisha, ndani ya chuma kile baridi, karibu kabisa na sikio lake, mtu akavuta pumzi.

"Wewe ni wa ukoo gani?"

Riungu akautaja. Aliutaja kwa Kitharaka, kwa sauti iliyopasuka. Akautaja ukoo wake, akataja jina la baba yake, akataja alichoiba na kilipokuwa. Alisubiri. Chuma kilibaki chuma.

Simu ilipolia mara ya tatu, aliipokea.

"Baba Kanana." Sauti ya Rwamba ilikuwa tulivu kupita kiasi. "Amelala. Moyo unatembea sawa. Yote manne. Rudi."

Alifunga ile injekta mbovu kwenye gari lake mwenyewe, akarudi Embu akichechemea njia nzima, na hakuna safari aliyowahi kuifurahia kama ile.

Siku ya nne walimruhusu Kanana kwenda nyumbani. Ednah aliwakabidhi faili, na ndani yake ile karatasi ndefu ya mashine, imekunjwa mikunjo. Jioni, mtoto akiwa jikoni anakunywa uji, Riungu aliikunjua mezani, akaifuata kwa kidole. Mwanzoni, mapigo yenye pengo. Pengo. Pengo. Mwishoni, mapigo manne manne, sawasawa kama mistari ya michai shambani. Lakini katikati, kwa dakika saba, hakukuwa na pigo hata moja. Mstari tu, umenyooka.

Alihisi umande kwenye vidole vyake.

"Hapa waya zilitoka," alimwambia mkewe. Alisema kama mtu anayeomba.

Rwamba akatikisa kichwa. "Hapo ndipo nilipokuwa nikikupigia, hupokei. Ednah alizishika zote, moja moja. Zilikuwa zimekaa."

"Basi mtoto alikuwa amezimia."

Rwamba alitupa jicho jikoni, kisha akasogea karibu, akanong'ona.

"Alikuwa macho. Alikuwa ameketi, Baba Kanana, ametazama upande wa dirisha, kwenye kile kiti kitupu. Alikuwa akimweleza mtu, akimwita babu, habari za shule. Dakika zote hizo. Alikuwa akicheka."