Jani Lililoegemea Mpira

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Acayo alifagia uwanja wa nyumba yao kule Nsambya, Kampala, mpaka mistari ya ufagio ikaonekana kwenye udongo kama nywele zilizochanwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuweza kulipita jani lililoanguka bila kuliokota. Mama yake alizoea kumtania, "Wewe ukipewa msitu mzima, utaufagia."

Lakini wiki hiyo ya mwaka 1974 mama hakuwapo nyumbani. Alikuwa amelazwa hospitalini, juu ya kilima, pamoja na mtoto mchanga wa kiume aliyezaliwa kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa mdogo hata akatosha kulala kwenye mkono mmoja wa baba. Maziwa ya mama hayakumtosha, na madukani siku zile zilibaki rafu na vumbi tu.

"Tafuteni maziwa ya unga," muuguzi aliwaambia. "Popote yalipo."

Baba yake, Opoka, alikuwa mchezaji wa gofu wa kulipwa. Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano makubwa katika uwanja wa mjini. Kwa kuwa fedha haikuweza kununua kitu kisichokuwapo, waandalizi walimwekea mshindi katoni ya maziwa ya unga na mfuko wa sukari. Wa pili angepata mwavuli.

"Leo utanibebea mkoba wa fimbo," Baba alisema walipokuwa wakinywa uji.

"Na Oloya je?" Acayo aliuliza. Oloya ndiye aliyekuwa kedi wa baba, mtu wa kumbebea mkoba, kwa miaka mingi.

"Oloya amesafiri."

Acayo hakuuliza amesafiri kwenda wapi. Mwaka ule watu wengi walikuwa wamesafiri namna hiyo, bila kuaga wala kurudi, na watoto walikuwa wamejifunza kutouliza.

Opoka alipangwa kucheza na Mzee Sulaimani wa Kampala ya Zamani, mtu mpole mwenye kofia nyeupe ya kufuma, ambaye babu yake aliletwa Uganda na biashara kutoka pwani. Walianza siku hiyo wakiwa sawa kabisa. Katika gofu mchezaji haandiki hesabu yake mwenyewe. Kila mmoja huandika mikwaju ya mwenzake, na mwisho husoma kadi yake na kuitia sahihi; mwenye mikwaju michache zaidi ndiye mshindi. Anayetia sahihi hesabu ya uongo hutolewa mashindanoni.

Okullo, kijana aliyembebea Mzee Sulaimani mkoba, alimwona Acayo akaangua kicheko. "Eh, Bwana Opoka! Leo umeleta kedi mwenye rinda? Mkoba huo utamlalia!"

"Debe la maji la Nsambya ni zito kuliko huu," Acayo alijibu. "Na mimi silibebi huku nikipiga kelele."

Mzee Sulaimani alicheka mpaka kofia ikaenda upande.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka shimo la kumi na sita. Hapo mpira wa Opoka ulipotea njia, ukaangukia chini ya miti karibu na kijito. Baba alisogea mbele kutazama bendera ilipo. Acayo akabaki na mkoba. Jani kavu la mvule lilikuwa limeuegemea mpira.

Mkono wake ulifika kabla ya akili. Alilivuta jani, na mpira ukabingirika nusu mzunguko.

Baba alikuwa amemfundisha: jani unaweza kuliondoa, lakini mpira ukitoka mahali pake, unaongezewa mkwaju mmoja wa adhabu, na kosa la kedi ni kosa la mchezaji. Aliurudisha mpira haraka katika kishimo kidogo kwenye nyasi, palepale ulipokuwa. Akatazama huku na huku. Okullo alikuwa akinywa maji. Mzee Sulaimani alikuwa ng'ambo ya kijito akitafuta mpira wake. Aliyemtazama ni ndege mmoja tu, kongoti mkubwa, amesimama kwa mguu mmoja kama mlinzi.

Baba alirudi, akapiga, na mpira ukatua karibu na bendera. Watazamaji walipiga makofi. Nitamwambia shimo hili likiisha, Acayo aliwaza. Likaisha. Nitamwambia kwenye la kumi na saba. Nalo likaisha. Walipomaliza la kumi na nane, ambalo ndilo la mwisho, Baba alikuwa mbele kwa mkwaju mmoja.

Kadi zilisomwa mezani, chini ya turubai. Afisa mmoja wa jeshi, aliyealikwa kutoa zawadi, alikuwa ameketi hapo amevaa miwani myeusi. Kofia yake alikuwa ameiweka juu ya katoni ya maziwa.

"Sabini, ndugu yangu," Mzee Sulaimani alisema, akimsogezea Opoka kadi. "Mimi sabini na moja. Isome, utie sahihi."

Baba alishika kalamu. Acayo aliitazama katoni. Akilini alikiona kinywa kidogo cha ndugu yake kikifunguka na kufungika bila kupata kitu. Kisha akauona mkono wa baba ukishuka kwenye karatasi, mkono usiojua lolote.

"Baba, usiandike."

Watu wote waligeuka. Okullo alinong'ona, "Wee, nyamaza!" Afisa alivua miwani.

"Shimo la kumi na sita," Acayo alisema. "Jani liliegemea mpira. Nililitoa, mpira ukabingirika. Nikaurudisha. Nilitaka kusema, nikaogopa."

Baba aliiweka kalamu mezani. Hakukunja uso. "Mzee," alisema, "pale ulipoandika nne, andika tano."

"Opoka, mimi sikuona kitu."

"Hata mimi sikuona. Mwanangu ameona."

Wakawa sawa, sabini na moja kwa sabini na moja, ikabidi wacheze shimo moja zaidi. Mpira wa Opoka ulisimama ukingoni mwa shimo, upana wa kidole kimoja. Wa Sulaimani uliingia.

Jioni ile mvua ilinyesha, na baba na binti walipanda kilima cha Nsambya chini ya mwavuli mpya. Baba aliuelekeza zaidi upande wa Acayo, bega lake likalowa.

"Nimemnyima mtoto maziwa," Acayo alisema, akalia.

"Tutayatafuta tena kesho," Baba alijibu.

Walikuwa hawajakaa sana wodini Mzee Sulaimani alipoingia na mkewe, Bi Naila, wamelowa wote wawili. Bi Naila aliweka katoni kando ya kitanda.

"Mzee, hii ni yako," Opoka alisema, akisimama.

"Nyumbani kwangu mtoto wa mwisho ana ndevu," Mzee Sulaimani alisema. "Nimpe maziwa ya unga? Ila sukari nimebaki nayo, msinitazame hivyo. Mimi na chai hatuachani." Kisha akamgeukia Acayo. "Binti yangu, ule mkwaju mimi sikuuona. Wewe ndiye uliyenipa. Na mimi nina haki ya kutoa."

Muuguzi alipokuja kukoroga maziwa, mama alimvuta Acayo akae kitandani. Mtoto alinyonya kwa pupa, macho yamefumbwa.

"Kila mtu hukosea," Baba alisema taratibu. "Kosa lako lilikuwa dogo kama lile jani. Ungelisema palepale, lingeishia palepale. Ulichelewa, lakini ulilisema kabla sijalitia sahihi. Ukikosea tena, mwanangu, sema kosa likiwa bado dogo."

"Nitasema, Baba."

"Na majani ya watu uyaache," mama akaongeza, akimpangusa machozi. "Ya kwetu yanakutosha."