Kinyesi cha Ndege Juu ya Paneli

Krrr... krrr... kwi! Pampu ilikohoa nyuma ya ukuta kama mtu mwenye kifua kibovu, kisha ikanyamaza. Malkia akafumbua macho.

Jina hilo alipewa kwa dhihaka. Msichana huyu wa darasa la sita alikunja pua kwa kila kitu: jalala, kamasi, hata kijiko cha mwenzake. Aliishi na shangazi yake, fundi wa mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Mtambo uliendeshwa kwa nguvu ya jua, na kazi ya Malkia ilikuwa kupanda paani kila jioni kusugua paneli kwa kitambaa na maji yasiyo na chumvi.

Nje, foleni ya ndoo ilifika barabarani. Bomba lilidondosha tone moja moja.

"Jua kali hivi, mtambo umelala!" muuza mkaa alifoka. "Au na jua nalo limeenda likizo?"

Shangazi alimgeukia Malkia. "Paneli ulizisafisha jana?"

"Ndiyo, shangazi."

"Zote?"

"Zote." Uongo ulimtoka laini kama mafuta.

Hapo mama jirani akaja mbio, amembeba Kidoti, mtoto mdogo aliyezoea kumfuata Malkia kila aendako. Leo kichwa chake kililegea begani, midomo imekauka.

"Jana maji yaliisha kabla sijafika bombani," mama alisema huku akitweta. "Nikampa ya kisima kile kichafu. Anaharisha tangu usiku. Nesi kanipa dawa ya kuchanganya na maji safi. Nitayatoa wapi?"

Malkia aliitazama ile midomo iliyokauka. Safari hii hakuchukizwa na uchafu, alijichukia mwenyewe.

"Shangazi, nimedanganya. Wiki nzima sijagusa paneli. Kile kinyesi cha ndege kinanitia kichefuchefu. Nilisimama ngazini nikazimwagia ndoo ya maji ya bahari."

"Maji ya bahari?" Shangazi alishika kichwa. "Sisi huku chini tunahangaika kutoa chumvi, wewe unaipandisha paani!"

Walipanda wote wawili. Lo, uchafu ulioje! Kinyesi kilikuwa kimegandamana na magamba ya samaki walioliwa na ndege hapo, na juu yake chumvi imekauka kama ukoko mweupe. Jua lingepenya wapi? Malkia alikiloweka, akakibandua kwa vidole. Harufu ilimpanda hadi kooni. Alitema mate, machozi yakamtoka, akaendelea kusugua hadi paneli ya mwisho ikang'aa.

Pampu ikanguruma. Foleni nzima ikakubaliana kwamba jagi la kwanza liende kwa Kidoti. Alikunywa dawa kidogo kidogo, na kufikia adhuhuri alikuwa ameketi, analia kudai uji.

"Kuona kinyaa si kosa," shangazi alisema. "Hata mimi nilitapika siku ya kwanza. Ungeniambia, ningekusaidia. Kosa ni kusema umefanya kazi ambayo hukuifanya. Uongo wako umeishia tumboni mwa mtoto."

Malkia alichuchumaa mbele ya Kidoti, mikono yake ingali inanuka.

"Nisikilize, mdogo wangu. Nitazisugua paneli kila jioni, hata nikitapika. Na siku nikishindwa, nitasema nimeshindwa. Nakuahidi mbele ya mama yako."